Sentineli wa Chumba cha Sabuni

Baba mdogo alifariki hospitalini Beni kulipopambazuka, na kitu cha kwanza nilichofanya, kabla hata machozi hayajanijia, ni kumpigia simu mwanawe Muhindo aliyekuwa nyumbani Butembo. Sikumwambia kwamba baba yake amekufa. Nilimwambia tu, “Muhindo, funga Sentineli. Funga yote.” Nilisikia mlango wa jikoni ukilia kule kwao, na mtu akipuliza moto, bila shaka mama yake. Kisha akanijibu kwa sauti ya chini, “Nimesikia, yaya,” kama anavyoniita mimi dada yake, akakata. Hakuuliza kwa nini, na mimi sikuwa na haja ya kueleza. Sentineli ni kompyuta kuukuu iliyo katika chumba walichokuwa wakiweka katoni za sabuni, na kazi yake ni kusimama kati ya anteni iliyo juu ya bati na simu zote za nyumba ile. Ikifungwa, hakuna ujumbe unaoingia. Na simu ya mama mdogo, mjane wa asubuhi ile ambaye bado hakujua kwamba ni mjane, haina intaneti nyingine zaidi ya ile ya nyumbani.

Siku mbili kabla, baba mdogo alikuwa amenishika mkono na kuniambia kwamba yakitokea ya kutokea, kule nyumbani wasisikie kwa simu. Alisema hivyo kwa ukali, kama alivyosema mambo yote, kana kwamba nilikuwa nimeshabisha. Kwa hiyo nilipomaliza kuongea na Muhindo nilimpigia Mzee Ramazani, msafirishaji wa Beni aliyefanya biashara na baba mdogo tangu mimi ni mtoto. Alikuwa ametoka kuswali. Aliposikia sauti yangu alimwomba Mungu amrehemu rafiki yake, kisha akasema anakuja na gari, tutaenda sisi wenyewe, habari kama hii haitumwi. Tulitoka Beni wakati wanawake wanafungua vibanda vyao, tukashika barabara ya Butembo, yeye akiendesha na mimi kando yake na simu yangu imezimwa mkobani. Kila tulipopita kizuizi niliona vijana wa pikipiki wakiinamia simu zao, nikajiuliza kama jina la baba mdogo lilikuwa limeshafika humo. Yule aliyekufa ndiye aliyenifundisha kuogopa hivyo. Alinifundisha katika mwaka mmoja tu, mwaka nilipokuwa mwanafunzi wa informatiki, yaani elimu ya kompyuta, nikiishi kwake.

Nyumba yake ilikuwa kwenye mteremko, na asubuhi ukungu wa Butembo uliingia hadi sebuleni usipofunga mlango mapema. Sebule ilikuwa na viti vikubwa vilivyovikwa vitambaa vyeupe vya kufuma, ambavyo sisi vijana tulikatazwa kuviegemea, na televisheni iliyowashwa tangu chai ya asubuhi hata kama hakuna anayetazama. Jiko lilikuwa nje, uani, na nyuma yake vyumba viwili vya wapangaji. Halafu kile chumba cha sabuni. Baba mdogo aliuza sabuni na mafuta ya kupikia, na akiba yote aliilundika humo hadi darini, kiasi kwamba sisi wote wa nyumba ile tulinuka sabuni ya kufulia, nguo, blanketi, hata daftari zangu za shule. Mpaka leo nikipita mbele ya duka la sabuni nashtuka, nadhani nimechelewa chakula. Kwa sababu chakula cha mama mdogo hakikumsubiri mtu: bugali moto, sombe ya majani ya muhogo iliyopikwa na mawese, maharagi yenye vitunguu, na wakati mwingine, Ramazani akipita na gari lake, samaki wa ziwani kutoka Kyavinyonge, alikokaa kaka mkubwa wa baba mdogo. Mama mdogo hakuwa amesoma. Alijua hesabu za duka zima kichwani, lakini barua ilimshinda, na simu aliipenda kwa jambo moja tu: ilimletea sauti ya mwanawe.

Muhindo wakati ule alikuwa muuguzi kijana kwenye kituo cha afya upande wa Mabalako. Kupigiana simu na kule kulikuwa taabu, sauti ilikatika kabla hamjamaliza kusalimiana. Lakini kituoni walikuwa na intaneti ya setilaiti, na karibu kila siku alimtumia mama yake ujumbe wa sauti. Mama mdogo aliusikiliza akiwa jikoni, simu ameiegemeza kwenye ndoo, huku akikoroga sufuria. Aliurudia mara nyingi, kisha akabonyeza na kumtumia sauti yake naye. Alikuwa akimjibu simu ikisema, anamkatiza, anamkaripia kwa kutovaa koti, kana kwamba Muhindo yupo pale kwenye kigoda. Sisi tulimcheka. Naye alituambia tucheke tu, tutazaa na sisi.

Huo ulikuwa mwaka wa mauaji Beni. Sitaki kuyaeleza, walioyaona hawahitaji kuelezwa. Lakini lazima niseme jinsi habari zake zilivyotufikia, kwa sababu kila kitu kilianzia hapo. Kwetu, kifo kina namna yake ya kusemwa. Wanaoleta habari huja wawili au watatu, asubuhi, wamevaa vizuri. Wanaingia, wanaketi, wanauliza habari za shamba. Hawasemi lolote mpaka wahakikishe kwamba mwenye msiba amekula, maana wanajua akisikia hatakula tena kwa muda mrefu. Na wale wa nyumbani waliokwisha kuambiwa kabla yake hunyamaza: redio inazimwa, kazi zake zinashikwa na wengine bila kuombwa, watu wanaongea chini chini. Nilikulia katika mambo hayo bila kuyafikiria, kama mtu anavyokua na lugha yake.

Mmoja wa wapangaji wetu alikuwa Mama Zawadi, mwanamke wa Mulekera, kule Beni, aliyekimbilia Butembo na watoto wake. Siku moja saa za mchana tulikuwa tumekaa uani tukimenya viazi, yeye, mama mdogo na mimi. Simu yake ikalia mlio wa ujumbe. Alifuta mikono kwenye kitenge, akafungua. Ilikuwa picha ya waliouawa, iliyotumwa na mtu asiyemjua, kwenye kundi lenye watu wasiojuana, na katika picha ile alimtambua kaka yake kwa shati. Kisu kilikuwa bado mkononi. Mama mdogo ndiye aliyekichukua. Sikuwahi kusikia kilio kama kile, na sitakisahau: hakukuwa na mtu wa kumshika ambaye alijua kabla yake, hakukuwa na mzee wa kumwambia polepole, hakukuwa hata na kiti. Viazi vilibaki kwenye beseni mpaka vikawa vyeusi.

Baba mdogo alirudi kutoka dukani akakuta ua umejaa watu. Alifanya yote yanayopaswa kufanywa, akatafuta kuni, akakodisha viti, akakaa na wanaume. Kilio kilipokwisha aliniita kwenye chumba cha sabuni. Alisimama kati ya katoni, kofia mkononi, na kwa mara ya kwanza nilimwona hajui aanzie wapi. Aliniuliza kama shule yangu imenifundisha kuweka mlinzi kwenye intaneti. Nilimwambia ndiyo, kipo kitu kinachoitwa pare-feu, kinaangalia kila kinachoingia na kinachotoka. Akatikisa kichwa.

“Kavira, mimi sikatae kifo. Kifo ni ya batu yote,” alisema. “Lakini ku nyumba yangu itapita na ku mulango, na batu benye kuileta batakaa ku kiti. Haitaingia na ku hewa, mutu ako anamenya birai.”

Birai ni viazi, vile vya Mama Zawadi, lakini nilijua anamfikiria nani. Mama mdogo alikuwa na tension, presha ya damu, daktari alikuwa amemwonya, na mwanawe wa pekee aliyebaki hai alikuwa Mabalako. Baba mdogo hakuwa mtu wa kusema anampenda mkewe. Ukimwuliza angekuuliza umeacha wapi adabu zako. Badala yake alikwenda kwa mdeni mmoja wa biashara zake, mwenye ofisi iliyofungwa, akarudi na kompyuta kuukuu amebebwa nayo kwenye pikipiki, ameikumbatia kifuani, uso wote vumbi. Ilikuwa sanduku la kijivu, zito, la zamani hata kwa wakati ule, na ndani yake kulikuwa na kiota cha mende. Tuliifungua juu ya katoni. Nilisafisha kwa brashi ya viatu, nikabadilisha feni, nikaweka kadi ya pili ya mtandao niliyoipata sokoni, ili waya mmoja utoke kwenye anteni uingie humo, na mwingine utoke humo uende kwenye kifaa kinachogawa wifi nyumbani. Nilifuta kila kitu cha zamani na kuingiza programu ya bure niliyonakili shuleni. Baba mdogo alisimama nyuma yangu akiuliza kila waya unafanya nini. Alikuwa msumbufu kweli. Nilipomweleza kwamba sasa hakuna kitakachoingia bila kupita humo ndani, aliigonga mgongoni kwa kiganja akaiita Sentineli, kama tunavyoita walinzi wa malangoni, na jina likabaki.

Tatizo lilikuwa moja, nami nilimwambia siku ileile. Mashine haiwezi kusoma ujumbe wa mtu na kuchagua huu upite, huu usipite. Inachoweza ni kufunga njia. Picha zinakuja kwa njia yake na maandishi kwa njia yake, kwa hiyo naweza kufunga picha na kuacha maandishi. Lakini ujumbe wa sauti unapita njia moja na picha. Ukifunga hizi, umefunga na zile. Alichungulia mlangoni kuona kama mkewe yuko karibu. Kisha akasema kwamba na sauti inaweza kuja inalia, mtu yeyote anaweza kujirekodi akiomboleza na kutuma, tufunge vyote. Muhindo atamwandikia yeye baba, naye atamfikishia mama salamu. Nikamwuliza kama tutamwambia mama mdogo. Alinitazama kana kwamba nimemwomba amvue mkewe kilemba sokoni. Kumwambia, alisema, ni kumwambia kwamba tunakingojea kifo cha mtoto wake.

Basi nikafunga. Na kwa kuwa umeme wetu ulikuwa wa sola, na sanduku lile lilikula betri, baba mdogo aliamuru televisheni isiwashwe tena mchana. Hilo nalo hakulieleza. Alikuwa na tabia ya kutoa amri kama mtu anayeweka mzigo mezani na kuondoka.

Nimelifikiria jambo hili mara nyingi katika kazi yangu, maana siku hizi nalinda mitandao ya ofisi kule Beni na wananilipa kwa yale niliyojifunza kati ya katoni za sabuni. Mtu anayeweka mlinzi hufikiria wabaya walioko nje. Kuna mtu pia ndani ya nyumba, anayeona mlango umefungwa na hajui kwa nini, na huyo atajipatia sababu yake mwenyewe kwa yale anayoyajua. Mama mdogo hakujua kitu kuhusu njia za picha na njia za sauti. Alichojua ni desturi.

Nikiyapanga sasa, naona alichokuwa anakiona. Televisheni ilizimwa ghafla na hakuna aliyesema sababu. Simu yake, iliyokuwa ikimletea sauti ya Muhindo karibu kila siku, ilionyesha alama ya ujumbe na kiduara kinachozunguka, kinachozunguka, bila kufunguka, naye hasomi ajue umetoka kwa nani. Alinipa niitazame. Nilisema ni mtandao, nikamrudishia, na najua uso wangu haukuwa wa mtu anayesema ukweli wote. Mama Zawadi, ambaye tangu msiba wake hakuweza kukaa bila kazi, alianza kumfagilia ua, kumchotea maji, kumwoshea sufuria. Mimi na baba mdogo tulikuwa tukizungumza habari za Sentineli, na mama mdogo akiingia tulinyamaza. Na baba mdogo, ambaye maisha yake yote alikula dukani, alianza kuja nyumbani mchana ili ahakikishe mashine inapumua, kama alivyosema, na kwa kuwa amefika alikaa na kula na mkewe. Akiwa mezani alimwambia, “Muhindo anakusalimia.” Alisema kweli tupu, Muhindo alikuwa amemwandikia asubuhi hiyo. Lakini ndivyo watu wasemavyo kwetu wanapoficha: fulani anakusalimia, hajambo, ana kazi nyingi.

Mama mdogo hakuuliza. Mtu wa kwetu haulizi, anangoja waje. Nilimwona anabadilika na nikadhani ni tension. Aliacha kumkaripia mtu. Alivua hereni zake ndogo za dhahabu, akaziweka kwenye kikombe kabatini. Alifua vitambaa vyote vya viti vya sebuleni, akavianika, akavirudisha vimenyooka. Aliomba apasuliwe kuni, nyingi kuliko za kupikia, akazipanga ukutani kwa jiko. Nilimwuliza za nini. Alisema mvua zinakuja. Kila asubuhi aliamka mapema kuliko sisi wote, akaoga, akavaa kitenge kizuri, akala uji peke yake akiwa amesimama, kisha akakaa kwenye kigoda mahali anapoweza kuona geti. Mimi nilipita mbele yake na vitabu vyangu, nikamwambia amependeza.

Kisha asubuhi moja geti likafunguliwa, akaingia baba mkubwa kutoka Kyavinyonge, na nyuma yake Mzee Ramazani. Baba mkubwa alikuwa amevaa koti, kwa sababu alikuwa na shughuli parokiani. Ramazani alikuwa na kofia yake nyeupe iliyofuliwa. Walikuwa wamekuja na samaki, kikapu kilikuwa bado garini, na walitaka chai tu. Waliingia, wakasalimia, wakaketi kwenye vile viti. Baba mkubwa akauliza habari za shamba. Mimi nilikuwa nimesimama mlangoni na birika mkononi, na baba mdogo alikuwa anatoka chumbani akifunga mkanda. Mama mdogo hakuketi kitini. Aliingia katikati ya sebule, akakunja kitenge, akaketi chini kwenye saruji, miguu ameinyoosha, mikono mapajani. Aliwatazama wale wazee wawili, mmoja baada ya mwingine, akasema kwa sauti ya kawaida kabisa:

“Nimesha kula. Museme.”

Hakuna aliyemwelewa mara moja. Baba mkubwa alianza kucheka, akidhani ni utani, kisha akaacha. Ramazani ndiye aliyefahamu kwanza. Aliinuka kitini, akashuka, akaketi chini mbele yake, mzee wa watu na kanzu yake safi, akamwambia hakuna kilichotokea, wameleta samaki. Mama mdogo alitikisa kichwa. Alimwambia asimfanye mtoto, amekwisha kujua tangu televisheni ilipozimwa, anachotaka ni kujua kama mwanawe amezikwa na nani alikuwa naye. Ndipo nikamwona baba mdogo akishikilia mlango. Alikuwa ameelewa yote kwa mkupuo mmoja, zile kuni, zile hereni, vile viti. Mtu yule mkali aliketi chini kando ya mkewe, akajaribu kueleza. Alikuwa analia. Alisema mashine, mashine, ni ile mashine, Mama Muhindo, mutoto ni mzima, ni mimi.

Mama mdogo alitaka kuiona. Tulimpeleka. Alisimama katika chumba cha sabuni mbele ya lile sanduku lililokuwa likinguruma juu ya katoni, taa yake ya kijani ikiwaka na kuzimika, akaweka kiganja juu yake. Lilikuwa na joto. “Sauti ya mutoto yangu ndio mulifunga humu?” aliniuliza. Nilisema ndiyo, mama mudogo. Hakunigombeza, na ingekuwa afadhali angenigombeza. Alisema tu, “Fungula.”

Nilipiga magoti, nikawasha kioo, nikaandika yale ya kuandika. Simu yake ilikuwa mkononi mwake. Vile viduara vikaacha kuzunguka kimoja kimoja. Tulirudi sebuleni sote, na tukasikiliza, wazee wawili, Mama Zawadi, baba mdogo, mimi, wote chini kwenye saruji, hakuna aliyekwenda kitini. Muhindo alisema mvua kubwa imenyesha Mabalako na kakao ya jirani imeharibika. Alisema amezalisha mwanamke pacha na wamempa mmoja jina lake. Alisema koti amelivaa. Alisema, mama, mbona hunijibu, simu yako imeharibika? Alisema, mama, nimekuota. Mama mdogo alimjibu kila neno, kama zamani, akimkatiza, lakini kwa sauti iliyopasuka. Wakati fulani Mama Zawadi aliinuka na kutoka, na mama mdogo akamfuata uani, akamshika, wakakaa hivyo kwa muda mrefu kando ya zile kuni. Sisi wengine tuliiacha simu ikisema peke yake. Samaki walisahauliwa garini mpaka harufu ikatukumbusha.

Jioni yake, kabla ya chakula, mama mdogo ndiye aliyetoa amri. Sentineli abaki. Hakutaka picha, aliona zilivyomfanya Mama Zawadi. Lakini sauti zipite, na televisheni iwashwe, na mtu asifunge kitu tena katika nyumba ile bila yeye kuambiwa. Nikamfungulia simu yake njia yote, na ndani ya simu yenyewe nikaweka picha zisijifungue zenyewe, jambo dogo ambalo lingetosha tangu mwanzo kama mmoja wetu angekaa naye jikoni na kumwuliza anaitumiaje. Alinishukuru kwa Kinande, wasingya, neno alilowawekea wageni na mapadri. Baba mdogo alisikiliza yote akiwa ameinamisha kichwa, kisha akamwambia mkewe kitu kimoja: siku ikifika kweli, nitafunga yote, na utajua. Naye akajibu kwamba ni vizuri, atajua, ataoga na kula, mradi watu waje. Walikubaliana hivyo mezani, mbele ya bugali na samaki, kama watu wanaopanga safari ya sokoni.

Siku hiyo haikufika kwa Muhindo. Alirudi Butembo mzima, akaoa, akapokea kwa baba yake ule mzigo wa sabuni na Sentineli wake, pamoja na makubaliano yale ya mezani. Kompyuta imebadilishwa matumbo mara nyingi, sanduku la kijivu ndilo lile. Hakuna aliyekuwa amemfunga kabisa tangu asubuhi ile ya samaki.

Haya yote nilikuwa nayo kichwani tulipopita Maboya, mpaka tulipoona mabati ya Butembo. Mzee Ramazani aliniuliza kama nitaweza kusema mimi, au aseme yeye. Nilimwambia nitasema mimi, mimi ndiye niliyekuwa kando ya kitanda chake. Aliegesha gari chini ya mteremko. Tulifungua geti. Televisheni ilikuwa kimya. Muhindo alisimama kwenye mlango wa jiko, macho mekundu, mikono nyuma, hajui aiweke wapi. Mama mdogo alikuwa kwenye kigoda chake, ameoga, kitenge safi, masikio hayana hereni. Alimtazama Ramazani na kofia yake nyeupe. Alinitazama mimi kwa muda mrefu, viatu vyangu, nguo yangu niliyolala nayo kitini hospitalini.

Tuliingia, tukaketi. Ramazani akauliza habari za shamba. Nilifungua kinywa kumwuliza mama mdogo kama amekula, lakini yeye alikuwa ameshatoka. Alirudi na beseni, birika na sahani iliyofunikwa. Aliweka sahani mbele yangu, akainama, akanimiminia maji mikononi, yeye mama wa nyumba, mimi mtoto.

“Sentineli amefunga tangu asubuhi,” alisema. “Mimi nimesha kula, Kavira. Ni wewe hauyakula. Ni wewe ulikuwa naye. Kula kwanza, kisha useme.”

Nikala. Ilikuwa bugali na maharagi, na nilimeza kila tonge, kwa sababu alikuwa amesimama juu yangu akingoja. Nilipomaliza alichukua sahani, akampa Muhindo. Kisha akakunja kitenge, akaketi chini kwenye saruji, akanyoosha miguu, akainua uso.

Ndipo nikasema.